Namba Mbili wa Chome

Siku sita za juma Eliufoo alikagua majani ya mkonge katika shamba moja huko Makanya. Siku ya saba alikagua vijana. Kwa kazi hiyo ya pili hakulipwa. Alivunjika goti akicheza beki mwaka ule wa Uhuru, na tangu hapo kamati ya mpira ya wilaya ilimwachia yeye kuchagua mabeki, maana aliyeungua ndiye aujuaye moto.

Alikuwa na namna yake. Hakutazama mpira. Alitia vijiwe mfuko wa kushoto wa suruali, na kila beki alipopitwa alihamishia kimoja mfuko wa kulia. Mechi ikiisha alipapasa mfuko, basi. Kazi hiyo ilimfaa mtu mwenye haya, kwani haikumlazimu kuzungumza na yeyote.

Mwaka uliopita vijiwe vilimdanganya. Beki aliyempeleka Moshi kwenye mchujo wa timu ya mkoa alipitwa kama mlango wa soko, na kamati ikamwambia, "Ukikosea tena, Bwana Eliufoo, ukapumzike." Safari hii ilitakiwa namba mbili, beki wa kulia, mmoja tu, apande basi Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana Jumapili Eliufoo alipanda Chome na timu ya shamba, goti likimlalamikia njia nzima, kumtazama kijana aitwaye Hezroni. Jumamosi isingewezekana. Chome wengi ni Wasabato.

Uwanja ulikuwa mpya. Watu walipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa, ulichongwa ubavuni mwa mlima kwa majembe, na kona moja ya juu ilimega kipande cha mpungi, msitu mdogo ambamo ukoo wa akina Hezroni uliweka mafuvu ya wazee wake tangu zamani. Miti michache ilikatwa. Kilichoonekana chini yake hakuna aliyependa kukisimulia.

Ukungu wa mlima Shengena ulishuka kabla refa hajapuliza filimbi.

"Nyie wa bondeni!" alipaza sauti Esta, shangazi yake Hezroni, akiwa ameketi juu ya tita lake la kuni. "Mapafu mmeyaacha Makanya?"

"Tumemwachia mumeo ayachunge!" alijibu Mbaraka, winga wa shamba, na watu wakacheka.

Kipindi cha kwanza Hezroni alilinda upande wa juu, kona ya mpungi ikiwa kuliani kwake. Alikuwa mrefu, mtulivu, hakurukia mpira ovyo. Lakini Eliufoo aliona jambo. Mbaraka alipokimbilia kona ile, Hezroni alimfuata hadi mahali fulani, akasimama kama aliyefika ukutani. Winga akazama ukunguni na mpira. Eliufoo akashika kijiwe ili akihamishe.

Mpira ukarudi wenyewe. Ulitoka ukunguni ukibingirika polepole, ukakoma mguuni kwa Hezroni, naye akaupiga mbele bila kushangaa.

Mara tatu ikawa hivyo. Mara ya tatu Mbaraka alirudi akijifuta uso, mzaha wote umemwisha.

"Mzee Eliufoo," alisema akipita ukingoni, "hawa wana mabeki wangapi upande huu?"

"Mmoja."

"Na yule mzee anayenuka moshi?"

Eliufoo aliwahesabu Chome. Kumi na mmoja, na mzee hakuwamo. Mfuko wake wa kulia ulikuwa mtupu.

Kipindi cha pili walibadilishana magoli. Sasa kona ya Hezroni ilikuwa ya chini, penye maharage, na haikuwa na siri yoyote. Hata hivyo aliiacha wazi vilevile. Mbaraka alipita, akafunga. Akapita tena, akafunga tena. Hezroni alisimama mahali palepale, ametega sikio kama anayemngoja mtu aliyechelewa.

Vijiwe viwili. Mechi ikaisha mbili bila.

Timu ya shamba ilitangulia kushuka. Eliufoo akabaki na mpira. Alilijua kosa, na halikuwa la miguu: kijana alizoea kulindiwa. Huko Moshi uwanja ni tambarare, nani angemlindia?

"Shikamoo, mzee," Hezroni alisema.

"Marahaba. Unaijua kona ile ya mpungi?"

"Haiingiwi. Sisi tumekatazwa tangu utotoni."

"Wengine wote wanacheza kila kona, mwanangu. Mimi nakwenda pale na mpira. Ukija kuuchukua, naandika jina lako. Usipokuja, nashuka peke yangu."

Esta akasimama. "Baba, usimfanyie hivyo mtoto wa watu."

Eliufoo alikwisha kwenda, akichechemea. Ndani ya ukungu majani yalikuwa baridi kama chuma, na kweli palinuka moshi, ingawa moto haukuwapo. Akaweka mguu juu ya mpira. Nyuma yake mtu akavuta pumzi. Hakugeuka. Alitaka kukimbia, lakini goti lilikataa.

Alimsikia Hezroni pale mpakani akisema Chasu, lugha ya kwao Upareni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha hatua zikaja mbio, na kijana akatokea ukunguni, macho kwenye mpira tu. Akauondoa chini ya mguu wa Eliufoo kwa usafi, bila hata kumgusa kiatu, akatoka nao hadi kwenye mwanga.

Eliufoo alimfuata. Aliandika jina kwenye daftari akiwa amesimama, herufi zikipinda.

Walianza kushuka jua likielekea kuzama, Hezroni na kifurushi cha nguo alichofungiwa na shangazi yake.

"Wale wazee uliwaambia nini?" Eliufoo akauliza.

"Niliwaaga. Niliwaambia nitajilinda mwenyewe."

"Wakasemaje?"

"Hawakuitika."

Njia ilikuwa nyembamba, ya changarawe. Eliufoo alisikiliza hatua zao: zake zilizochechemea, za kijana nyepesi. Na kuliani kwa kijana, penye majani, hatua nyingine, nzito, zisizo na haraka. Walipopumzika zilinyamaza. Walipoondoka ziliondoka.

Hezroni alitazama mbele tu. Eliufoo akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa vile vijiwe viwili, akaviweka chini pembeni mwa njia. Kisha akasogea kushoto kabisa, hata bega likagusa mlima, ili kuwaachia nafasi wote wawili.