Kifusi Ambacho Hakikupigwa Chokaa

Kazi yangu ilikuwa kukataza, na mimi kukataza sijui. Darasani hata nikilijua jibu huwa nanyanyua mkono mpaka usawa wa sikio, halafu najifanya nakuna kichwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mtaa wetu wa Nsemulwa, nyumba zimelala chini pande zote mbili za njia, akaambiwa ahakikishe hakuna anayegusa kifusi mpaka kikaguliwe.

Aliyenichagua ni mwenyekiti wa mtaa. Alikuja kwenye darasa la shule ya msingi tulikokuwa tumehifadhiwa na familia nyingine, akasimama mlangoni akikung'uta maji kwenye kofia, akauliza nani hapa anasoma sekondari. Tulikuwa likizo. Nikajikunyata. Mama akanisukuma kwa goti.

"Huyu hapa," akasema. "Ila sauti yake ukitaka kuisikia, uiname."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema sauti haihitajiki, kinachotakiwa ni macho.

Mvua za mwisho wa tisini na saba hazikuwa mvua za kwetu. Sisi tumezoea mvua inayopiga mchana kisha inaondoka, inamwacha mtu alime. Hii ilikuja ikakaa. Matofali mabichi ya nyumba zetu yalianza kuvimba kwa chini, kuta zikalainika mpaka ukizigusa kidole kinaingia. Nyumba yetu ilianguka asubuhi, sote tuko nje tunachimba mfereji wa kuyaondoa maji. Haikupiga kelele. Iliguna tu, kama mtu mnene anayekaa chini, halafu nyasi za paa zikafunika kila kitu.

Hakuumia mtu, kwa hiyo tulipewa pole za haraka haraka na watu wakapita kwenda kwa walioumia. Lakini mama alibaki anatazama upande wa nyuma, upande wa jiko, na baba naye alikuwa anatazama hapo hapo. Chini ya udongo ule kulikuwa na mbegu. Kila mavuno mama huchagua mahindi yenye mistari iliyonyooka, anayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza kwenye fito juu ya mafiga, ili moshi uyapake weusi na fukusi wasiyaguse. Tuliyopanda Novemba yalikuwa yameshachukuliwa na maji, mimea pamoja na udongo wake. Hayo ya jikoni ndiyo yaliyobaki ya kupandia upya. Hatukuwa na mengine, na mwaka ule hakuna jirani aliyekuwa na mbegu ya kugawa.

Ungedhani tungechukua jembe palepale. Lakini mwenyekiti alipita mapema akitangaza: atakuja mkaguzi kutoka Sumbawanga, na nyumba atakayoiona imeanguka, mwenyewe ataandikiwa mabati na mgawo wa chakula. Kifusi kilichochezewa hakihesabiwi. Alisema mahali pengine watu walirundika matofali ya zamani wakadai ni nyumba, sasa wakubwa hawaamini mtu. Kifusi kikishaonekana kinapigwa alama ya chokaa, na hapo ndipo mwenyewe anaruhusiwa kufukua vyake, kisha trekta linakuja kuzoa udongo kwenda kufukia makorongo.

Mkaguzi alikuja kweli. Alianzia upande wa juu wa mtaa, akamaliza ule upande, mvua ikamkuta, akapanda gari lake akasema upande wa chini atarudi kesho kutwa. Sisi tulikuwa upande wa chini.

Kesho kutwa ilifika ikapita. Barabara ilikatika huko mbele, na gari likakwama, kila siku likakwama mahali papya kulingana na anayesimulia. Mimi niliendelea na kazi. Asubuhi nilitembea na trekta upande wa juu, nikiwaonyesha vijana wa koleo vifusi vyenye chokaa. Niliwaona watu wa huko wakifukua sufuria zao, vitanda vyao, mahindi yao meusi ya moshini. Wengine walikwenda nayo shambani siku ile ile. Mchana nilirudi upande wa chini kukaa juu ya jiwe na kulinda udongo usiguswe, na udongo mmojawapo ulikuwa wetu.

Jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye maneno, ndiye aliyenishinda. Alikuja na panga akaanza kukata fito ili atoe mlango wake. Nilimsogelea.

"Mama mkubwa, wamesema tusiguse."

"Unasemaje?"

"Wamesema kisiguswe kwanza."

"Wewe Sekondari, huu mlango ni mninga. Marehemu aliuchonga mwenyewe. Ukioza hapa utanichongea wewe?" Akauvuta. "Shika huko, acha kusimama kama mnara."

Nikashika. Tuliutoa wote wawili. Jioni mwenyekiti alipita, akaona kifusi kimefunguka, akasema nyumba hiyo haina tena cha kukaguliwa. Hakufoka. Yule mama aliendelea kuufuta mlango matope. Mwenyekiti alipokuwa ameshaondoka, akaniambia, "Basi mlango wangu ndio umekula mabati yangu." Akacheka, akajifuta uso kwa kanga, akaendelea kujifuta muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Baada ya hapo hakuna aliyegusa kitu. Hata sisi.

Mama ndiye aliyelianzisha, tukiwa tumekaa darasani tunakula uji usio na sukari.

"Baba nanihii, mbegu haisubiri mtu."

"Najua."

"Tufukue pale jikoni tu. Padogo. Halafu turudishie nyasi."

"Mtaa mzima unamwona mtoto wetu akiwakataza," baba akasema. "Tukifukua sisi, huyu atapita wapi?"

Mama akanitazama. Sijui alitaka niseme nini. Ningesema fukueni, angefukua. Niliangalia uji wangu. Najua hesabu aliyokuwa anaipiga baba, maana hata mimi niliipiga: mgawo wa chakula ungetufikisha mbali kuliko mahindi ya kwenye fito. Lakini mgawo ulikuwa maneno, na mahindi yalikuwepo.

Mvua ikaendelea. Kifusi chetu kiliyeyuka kila siku, matofali yakapoteza pembe, nyasi zikaoza zikashikana na udongo, mpaka palionekana kama kichuguu kilicholala. Asubuhi moja nilipokaa kwenye jiwe langu niliona kitu kijani. Nilidhani ni majani ya kawaida. Nilipoinama nikaona ni mahindi. Yalikuwa yanatoka kwa mafungu, miche imebanana kama nywele, inapita kwenye nyufa mahali lilipokuwa jiko. Yalikuwa yameota kwenye magunzi yake humo humo chini.

Nilimwita baba. Alikuja, akachuchumaa, akagusa jani moja kwa kidole.

"Yako hai," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa habari ya msiba. Mbegu ikishaota hairudi kuwa mbegu.

Aliniuliza kama kuna habari za mkaguzi. Nikamwambia mwenyekiti amesema gari limeshavuka pale barabara ilipokatika, atakuwa hapa karibuni. Baba akasema basi tuvumilie kidogo tu. Miche ikafika urefu wa kiganja, na ndipo mkaguzi alipofika.

Alikuwa na mwavuli na buti za mpira, mpole tu, mtu aliyechoka. Watu wa upande wa chini walimfuata nyuma kifusi hadi kifusi, na kila alipopitisha chokaa walipumua. Alipofika kwetu akasimama.

"Hapa pana nini?"

"Nyumba, mheshimiwa," mwenyekiti akasema.

"Mimi naona shamba."

Watu wakacheka. Walikuwa majirani zetu, wala hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamesimama kwenye matope tangu asubuhi na mzaha wa mkubwa huchekewa. Lakini kile kicheko ndicho kilichotumaliza, maana mkaguzi alikifurahia akaona amesema jambo la kweli.

"Mwenyekiti, mahindi ya urefu huu, nyumba ianguke juzi tu? Hapa ni gofu la zamani. Mtu amepanda juu yake."

Baba akasema ni mbegu zilizokuwa zinaning'inia jikoni. Mkaguzi akamwambia kila mwenye nyumba ana hadithi. Akamgeukia mwenyekiti akauliza nani alikuwa mwangalizi wa upande huu. Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

Nikasema, "Ilianguka na hizi mvua. Nilikuwepo."

"Sema usikike."

"Ilianguka na hizi mvua. Mahindi yalikuwa moshini, ni ya mbegu, yameota yenyewe." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuitoa mbele ya watu. Hata mama alishtuka.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Na hii nyumba ni ya nani?"

Mwenyekiti akashughulika na kofia yake. Ikabidi nijibu mimi. "Ya kwetu."

"Eeh," akasema, taratibu. "Nimeelewa."

Yule mjane wa mlango akapenya mbele. "Bwana mkubwa, hiyo nyumba mimi niliiona kwa macho yangu inakaa chini. Mtoto hadanganyi."

"Mama, wewe ni ndugu yao?"

"Hapa wote ni ndugu."

"Ndiyo hivyo," akasema mkaguzi. "Ndiyo shida ya kazi hii." Akamwambia mwenyekiti hiyo waiache, italetewa mtu mwingine aiangalie, na akavuka kwenda kifusi cha jirani. Msaidizi wake alipita karibu yangu na ndoo ya chokaa. Nilisikia mwenyekiti akimwita mkaguzi kwa nyuma, "Mheshimiwa, lakini," kisha akamfuata.

Tulibaki sisi na yule mjane. Baba alivua shati, akapiga magoti jikoni.

"Haya. Sasa hakuna wa kutukataza."

Hakutumia jembe. Tulifukua kwa mikono, sisi wanne. Chini palinuka pombe. Fungu moja moja tulilitoa kwenye udongo: mengi yalikuwa yameoza, mekundu kwa ukungu, mengine yametoa miche mirefu mieupe iliyokuwa inatafuta mwanga bila kuupata. Mama alitenganisha mizizi kama anayesuka nywele za mtoto anayelia. Iliyokuwa na uhai tuliipanga kwenye beseni na karai pamoja na udongo wa ukuta wetu, tukaenda nayo shambani, ng'ambo ya reli.

Sijawahi kuona mtu akihamisha mahindi. Mchicha, nyanya, sawa. Mjane alisema hata yeye hajawahi, lakini alichimba mashimo. Wakati tunapanda mawingu yalifunguka. Jua tulilokuwa tumeliomba wiki zote hizo likatoka likatukaa mgongoni, jua kali la baada ya mvua, na majani yakaanza kulegea mikononi mwetu kabla hayajaingia ardhini. Mama akavunja matawi ya miti kuyafunika. Baba akawa anatazama juu kila baada ya shimo, anatafuta wingu.

Jana ilikuwa jua, na leo jua. Asubuhi mwenyekiti alinituma nikasimamie trekta upande wa chini, nikaomba nipitie kwanza shambani. Niliinua matawi mstari baada ya mstari. Mengi yamelala, majani yamejikunja kama karatasi ya sigara. Machache, yaliyo kwenye kivuli cha tuta, bado yamesimama, sikuthubutu kuyagusa.

Nilipofika mtaani baba alikuwa na koleo, amejiunga na vijana wanaozoa vifusi vya wenzetu, maana wanaozoa wanapewa mlo wa mchana. Aliacha kuchota. Akanitazama.

"Tungoje jioni, jua likipoa," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye udongo.