Kava la Wafula

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya kava la kitabu, mwanangu, wala usicheke. Jana umeniletea hapa Junda kitabu chako kipya chenye jalada gumu, ukaniuliza lile kava la karatasi linalovishwa juu yake uliache au ulitoe, maana linateleza mkononi na wenzako wamekwambia yao waliyatupa zamani. Sikukujibu. Nililivua kava, nikatazama kama jina lililoandikwa kwenye jalada ni lile lile, nawe ukaniona. Mimi ni mtu wa shaka tangu ujana wangu, hata kuku wa kuletewa nampapasa kwanza, na shaka hiyo iliwahi kumponza mtu asiye na kosa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwetu Kaloleni kutafuta kazi, nikaipata katika kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe. Chumba nilikodi pamoja na Wafula, mtu wa bara, mpole, mwenye mabega mapana, na zamu yetu ilikuwa moja. Miezi ile watu walikuwa wakiachishwa kazi ovyo. Leo mtu kanung'unika juu ya msimamizi, kesho kutwa hayupo. Sote tukaamini kuna mmoja wetu anayepeleka maneno ofisini, na mimi sikukawia kumpata wangu.

Wafula alikuwa na kitabu. Kava lake lilikuwa la kifahari, lina picha ya daraja la chuma na maandishi makubwa ya Kiingereza, na aliniambia amelipata kwa karani wa ofisini. Ofisini! Hapo tu masikio yalinisimama. Kila tukitoka kazini hukaa kitandani ameuelekea ukuta, penseli mkononi, midomo ikimcheza. Nikiingia, anakifunga. Nilipomuuliza kinasema nini, akajibu, "Mambo ya madaraja tu." Mtu wa kupakia katoni za sabuni, madaraja ya nini? Kisha nikaona kwamba lile kava lilikuwa refu kuliko kitabu. Lilizidi kwa vidole viwili, naye alikuwa amelikunja kwa ndani, taratibu, kama mtu anayepunguza suruali. Nikajua halikuwa la kitabu hicho.

Wiki ile ile msimamizi akatangaza kwamba mwezi ukianza Wafula atakuwa kiongozi wa zamu yetu, na yeye ndiye atakayeita majina kila asubuhi. Nafasi hiyo niliitaka mimi, sikufichi. Wivu ulinikaba, lakini nafsini mwangu niliuita akili.

Siku ya Ijumaa tulikuwa tukila mchana kwenye kibanda cha Mama Nyamvula, nje ya geti. Wafula aliacha mfuko wake kwenye benchi akaenda kunawa mikono. Nikakichomoa kile kitabu, nikasimama.

"Jamani, njooni muone kinachopelekwa ofisini!"

Nikalivua kava mbele ya wote, nikafungua. Ukurasa uliojitokeza ulikuwa na majina yetu, yameandikwa kwa penseli. Watu wakaguna. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema, "Si niliwaambia?"

Halafu nikatazama vizuri. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, nyingine zinapanda na nyingine zinashuka. Jina langu, Katana, lilirudiwa kuliko yote. La kwanza K yake imegeukia nyuma, la mwisho limenyooka. Juu yake palikuwa na picha ya jembe, na chini ya picha pamepigwa chapa neno jembe. Kilikuwa kitabu cha ngumbaru, kile cha kufundishia watu wazima kusoma. Wafula hakujua kusoma, na zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya kusimama mbele yetu na kuita majina.

Nilitaka kukifunga. Nilikuwa nimechelewa, kwani msimamizi alikuwa akila kwenye benchi la nyuma. Alikuja akakichukua mkononi mwangu, akakitazama, akamtazama Wafula aliyesimama pale mikono ikimchuruzika maji.

"Uliniambia unajua kusoma," akasema.

Wafula akachukua kitabu chake na kava, akarudi kazini. Jioni ile nafasi akapewa mtu mwingine.

Mama Nyamvula alinisubiri hadi wenzangu wote wakaondoka. Hakupandisha sauti.

"We Katana, kava uliona kuwa ni refu. Na huyo mtu walala naye chumba kimoja, midomo yamcheza kila siku, hukuona? Kinywa unacho, hukumuuliza?"

Nilirudi chumbani nikamkuta Wafula anafunga nguo zake. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige.

"Si ungeniuliza tu?" akasema. "Wewe ndiye nilitaka unifundishe. Niliogopa utacheka." Kisha akaokota kava lililokuwa sakafuni, akanikabidhi. "Karani alikuwa amelitupa. Baki nalo, wewe ndiye unalipenda."

Jumapili akapanda basi kwenda kwao, kitabu kikiwa kwapani bila kava, kila mtu akikiona. Nilitaka kumpungia mkono, nikaona haya. Na alipokwisha kuondoka, watu kiwandani waliendelea kuachishwa kazi vile vile.

Sasa nikujibu. Kava usilitupe. Ukisoma livue, liweke droo, ukimaliza livishe tena. Na mara moja moja lifungue upanguse jalada, maana hewa yetu hii ya chumvi huleta ukungu chini ya karatasi usijue. Kitabu ni chako, kivue utakavyo, kitilie shaka utakavyo. Lakini cha mwenzako, mwanangu, usikivue. Ukiona kava limezidi kitabu, keti karibu naye, muulize kwa sauti ya chini, na akikataa kukuambia, muache na siri yake. Si kila anayeficha anakuficha wewe jambo baya. Mwingine anaficha aibu yake, na siku zikimtosha huimaliza mwenyewe.

Lile kava la daraja ninalo kabatini, umeliona mara nyingi ukauliza kitabu chake kiko wapi. Kisa hiki ndicho kitabu chake. Mara mbili nimeandika barua kwenda kwao Wafula, na zote mbili nilizichana, maana sikujua ni nani angemsomea.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie kusoma mengi, akupe marafiki wasioogopa kukuuliza jambo, na akuepushe na kulikuta jina lako katika kitabu cha mtu uliyemuumbua.