Anatembea Kutoka Njiru Kuja Kuupima Ufa wa Huruma

Saa moja unusu asubuhi, Mzee Mwangangi Ndeti anachuchumaa nyuma ya jumba la ghorofa nne mtaani Huruma, mipini mitano ya majembe begani. Jana alichomeka njiti tatu za kiberiti kwenye ufa wa ukuta. Leo imebaki moja. Mbili ziko matopeni.

"Ufa umefunguka," anasema.

Mzee huyu wa miaka 71 hutembea kilomita kumi na mbili kila siku kutoka kwake Njiru, akiuza mipini anayochonga mwenyewe. Siku njema huuza mitatu. Njiani huwaeleza watu palipokuwa na mto na palipokuwa na kambi ya makuli wa reli, nao humsikiliza wakicheka. Lakini tangu mvua za Oktoba hii ya 1997 zianze, hazungumzii mto wala reli. Anazungumzia shimo.

"Hapa watu walichimba mawe mpaka maji yakatoka," anasema. "Mwaka wa sitini na nane tukaambiwa tulijaze. Nilikuwa kibarua wa lori la taka. Miaka miwili tulimwaga magunia, maganda, mifupa ya buchari. Juu tukatandaza udongo mwekundu, tukapanda nyasi. Pakapendeza."

Anaisawazisha mipini begani. "Mimi ni mmoja wa wale waliolificha."

Mwandishi wa makala hii, aliyekuwa ameegemea ukuta huo, anajiondoa taratibu.

Dishon, msimamizi wa ploti hii ya kupangisha, hana wasiwasi, au anasema hana. "Mzee, unaogopesha wapangaji bure. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi sisi tunaziba. Fundi anakuja Jumamosi."

Mwezi huu fundi huyo ameshakuja mara mbili.

"Ukuta si mgonjwa," Mzee Ndeti anamjibu. "Mgonjwa ni huku chini."

Anayelala nyuma ya ufa huo ni Khalayi, kibarua wa kiwandani, na bintiye Triza wa miaka mitano. "Mlango wangu siku hizi haufungi bila teke," anasema. "Naogopa, sikudanganyi. Lakini nitaenda wapi na mwezi uko katikati?"

Mzee habishani naye. Anaingia chumbani, anaomba limau lililo kwenye sahani na kuliweka katikati ya sakafu. Linabingirika lenyewe mpaka ukutani.

Khalayi analiokota. Kisha anaanza kukunja godoro.

"Triza, leta viatu vyako. Tunaenda kwa shangazi."

Vyumba vya jumba hili ni arobaini. Mpango wa Mzee Ndeti ulikuwa kungoja Jumapili, watu wakitoka kanisani, azungumze nao wote pamoja. Sasa anaangalia mawingu yaliyotanda upande wa Mathare na kuiweka mipini yake chini ya ngazi.

"Nitaanza na ghorofa ya nne," anasema, akishika ukuta ili apande. "Hao ndio walio mbali na mlango."