Shemeji Yangu Aliangalia Vizuri

Mdogo wake marehemu mume wangu ni fundi, na watu humwita Sikio. Jina hilo alilipata kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, alikoingia kuosha vyuma kwa mafuta ya taa akatoka anajua injini. Aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini kaubana sikioni, kisha akakwambia kinachoumwa ni nini. Hakuwahi kuweka kibao mlangoni. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, hasa haya ya milimani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, alimfuata yeye kwanza. Akisema chukua, walichukua. Akisema acha, hata dalali hakubishana naye.

Heshima hiyo mimi ndiye niliyemvua.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nakusanya maziwa kwenye mashamba ya juu. Mvua ikinyesha pikapu yangu ilikwama, maziwa yakachachia njiani. Nikasikia kuna gari linauzwa na bwana mmoja wa kofia ya ngozi, mpole, maneno yake laini kama siagi. Nikamwambia Sikio twende.

"Shemeji, umemwambia asiliwashe?"

"Asiliwashe kwa nini?"

"Nataka nilikute limelala. Gari likishapashwa moto linaficha ugonjwa wake, kama wewe ukishakunywa chai."

Tulipofika aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho kabisa, akitafuta alama ya tope, maana gari lililozama husafishwa kila mahali isipokuwa hapo. Akafunua kapeti akanusa. Akapima matairi kwa kamba kuona kama yanalingana, kwa sababu moja likiwa dogo, yanapovuta yote manne giaboksi inajitafuna yenyewe. Akaliingiza kwenye tope, akavuta ile gia ya pembeni inayounganisha magurudumu yote, akazima redio aliyoifungulia muuzaji.

"Sikuja kucheza," akamwambia.

Mwisho akaingia chini na nyundo ndogo, akawa anagonga fremu hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Chote kililia. Ndipo akaniita.

"Shemeji, shika kadi ya gari. Mimi nasoma namba iliyogongwa kwenye fremu, wewe fuatisha. Herufi kwa herufi."

Tarakimu nazijua, nimehesabu lita maisha yangu yote. Lakini herufi wakati ule nilikuwa naziona kama nyayo za kuku. Siri hiyo aliijua marehemu peke yake. Barua alinisomea yeye, na alipofariki nikawa nasahau miwani kila niendako. Sasa namba yenyewe ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika, na yule bwana kasimama kando yangu ananitazama mikono. Niseme siwezi, mimi ninayewafokea madereva wenye ndevu? Sikio akawa anataja kutoka chini, nami naguna ndiyo, ndiyo, kidole kinatembea juu ya karatasi.

"Zote sawa?"

"Zote sawa. Toka huko, unachafuka bure."

Nikalinunua. Miezi mitatu lilipanda mlima kama mbuzi. Nilipolipeleka kubadilisha jina, ofisa aliinama akasoma fremu, akasoma kadi, akarudia tena. Kadi ilikuwa ya gari jingine. Hilo langu lilikuwa na mwenyewe, liliibwa kwake. Wakalichukua. Simu ya yule wa kofia haikupatikana tena.

Asubuhi yake pale kituo cha maziwa waliniuliza gari liko wapi. Nikajibu, "Shemeji yangu hakuangalia vizuri."

Maneno manne tu. Hayakukaa hata wiki, yalishazunguka milima yote. Watu wakaacha kumwita, mmoja baada ya mwingine, na siku hizi ukipita kwake utamkuta anaunga miguu ya viti na kuziba matairi ya toroli. Tukikutana hunisalimu vilevile, "Hujambo, shemeji," nami najibu huku nikitazama ng'ombe wa watu.

Mwaka jana nikaingia darasa la watu wazima. Niliwaambia nyumbani kwamba nawasindikiza wenzangu. Siku niliyosoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilisema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeghairi.

"Shemeji, siku ile sikuwa najua kusoma. Nilikuwa naitikia tu."

Akaendelea kusugua mpira wa toroli. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu walipolichukua. Nilikaa nikawaza, nikakumbuka ulikuwa unasema ndiyo kabla sijataja herufi. Siku ile nilidhani una macho mepesi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kaka kakufichia miaka thelathini, mimi nikutangaze?"

Nilitafuta pa kuweka uso nikakosa. Nikamwomba radhi.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Lakini maneno yale hukuniambia mimi, shemeji. Uliwaambia watu wa maziwa."

Sitadanganya, niliondoka nimekasirika. Nilijiambia mtu huyu kumbe ana makuu. Siku tano nilizunguka na hasira hiyo, na kila nilipoigeuza niliona ni yangu, si yake. Siku ya sita nikasimama kando ya mizani ya kituo cha maziwa, watu wamejaa na ndoo zao, nikasema yote, kadi na ndiyo zangu.

Mama mmoja akauliza, "Na yale matangazo ya ukutani uliyokuwa unatusomea?"

"Nilikuwa nasikiliza mwingine akisoma, kisha narudia."

Walicheka mpaka ndoo zikayumba. Niliwaacha wacheke.

Dereva mmoja aliyekuwepo alikuwa anatafuta gari la milimani, akaenda kwa Sikio siku hiyohiyo. Alirudi peke yake.

"Mama, amekataa. Anasema miaka minne hajalala chini ya gari la mtu, akiingia sasa magoti hayatamtoa."

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Alinipa kiti na chai."

Nilimwambia atafute fundi mwingine, na fundi huyo akiwa chini, kadi aishike yeye na kuisoma kwa macho yake mwenyewe.