Mama Funguo, fundi aliyekabidhiwa milango ya mtaa

Saa moja kasorobo asubuhi, maduka ya jirani yakiwa bado yamefungwa, Mama Funguo anachonga ufunguo wake wa pili wa siku. Ameubana kwenye jiliwa, kile chuma chenye midomo miwili kinachoshika kitu kisicheze, na tupa inakwenda na kurudi juu ya shaba. Anasita. Anaupuliza, anauinua kwenye mwanga pamoja na ule wa asili, anakunja uso. Bado. Anapitisha tupa mara mbili tena, taratibu, kama mtu anayemkuna mtoto mgongo.

Mteja wake, dereva wa lori, anatazama saa. "Mama, si basi? Mbona zinafanana tayari?"

"Zinafanana machoni pako. Kitasa hakina macho, mwanangu, kina tumbo. Ukikilisha kisichokipenda, leo utalala nje."

Dereva anacheka, anavuta kigoda, anasubiri.

Kibanda chenyewe kina upana wa milango miwili, kimebanwa kati ya duka la nguo na kinyozi. Ukutani zimening'inia funguo mia nne hivi ambazo bado hazijaota meno. Mwenye kibanda ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa. Siku ya kawaida huchonga funguo kumi na tano hadi ishirini, kila mmoja kwa bei ya mikate miwili. Kwa shaba hiyo amesomesha mabinti wawili: mkubwa ni mhasibu, mdogo yuko mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu.

Jina lake halisi wachache wanalijua. "Hata mwenye nyumba akiniandikia stakabadhi anaandika Mama Funguo," anasema. "Siku hizi mama yangu mzazi naye ameanza. Nimenyoosha mikono."

Kazi hii hakuiota. Mumewe alipofariki, mabinti wakiwa hawajaanza shule, baba mkwe wake alimwita kibandani. Mzee alikuwa na wana wengine watatu wa kiume, na wote walikuwa wameukataa ufundi huo wakisema hauna heshima.

"Aliniambia, 'Mwanangu, mikono yako haina papara. Njoo ukae hapa.' Nikamwambia, 'Baba, watu watanicheka, mwanamke fundi wa makufuli!' Akasema, 'Waache wacheke. Kufuli halijui mwanamke wala mwanamume. Linajua mkono uliotulia.'"

Kabla ya kumkabidhi tupa, mzee alimpa masharti mawili. Usimchongee mtu ufunguo wa mlango ambao hujui kama ni wake. Na usibaki na nakala ya mtu, hata akuombe kwa magoti. "Alisema nakala ya mtu ikilala kwako, umekalia usingizi wake."

Wateja wana sifa zao za kumpa. Akisema saa nane, ni saa nane. Mvua ikinyesha atafika amelowa, vifaa vikiwa vikavu ndani ya nailoni. Na mtoto akijifungia ndani jiko likiwaka, mzazi halipi kitu.

"Hiyo si kazi, huo ni moto," anasema. "Nani anatoza watu kwa kuzima moto?"

Ndiyo maana yaliyomfika mwaka jana yalimkata maini.

Ndani ya wiki tatu, nyumba tatu za mtaa ziliibwa mchana kweupe, wenyewe wakiwa kazini. Hakuna mlango uliovunjwa. Mwizi alifungua kufuli, akabeba alichotaka, cherehani hapa, redio kule, televisheni kwingine, kisha akafunga tena na kwenda zake kama mwenye nyumba.

Watu wakaanza kuulizana. Nani anajua kufungua bila kuvunja? Funguo za mtaa mzima zimepita mikononi mwa nani? Lisemwalo lipo, wakasema, na kila aliyelipokea neno alilitia chumvi kidogo kabla ya kulipitisha.

Wa kwanza kulisema kwa sauti alikuwa jirani wake wa ukuta, mwenye duka la nguo, ambaye ndiye aliyepoteza televisheni. "Sikumtaja," anasema leo, akikunja shati ambalo tayari limekunjwa. "Nilisema tu tujiulize. Lakini nilisema nikijua anasikia."

Funguo ishirini kwa siku zikawa kumi, kumi zikawa tatu. Ikaja siku hakuchonga hata mmoja. Watu waliozoea kumsalimia walivuka barabara kabla ya kufika kibandani. Binti yake mdogo alimpigia simu akilia, akamsihi afunge tu, apumzike nyumbani mpaka maneno yapoe.

"Nilimwambia, mwanangu, nikifunga leo nimekiri. Nikawa naja saa ileile. Nafagia, nafungua, nakaa. Ufunguo wa kabati langu niliuchonga mara sita ili mikono isisahau."

Katika kukaa huko ndiko wazo lilikomjia. Kila aliyesimulia wizi alisema kufuli lilikutwa zima, halina hata mkwaruzo. Fundi anayelazimisha kufuli, hata awe hodari vipi, huacha alama. Basi lilifunguliwa kwa ufunguo. Alitamani ayaone makufuli hayo, lakini nani angemruhusu asogee mlangoni?

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Mama Funguo alikaa safu ya nyuma, mfuko wa vifaa mapajani. Viti viwili vya kulia kwake na viwili vya kushoto vilibaki wazi.

Mwenyekiti alizungumza kwa adabu nyingi kuhusu "usalama" na "watu tuliowaamini", mpaka mtu mmoja akapaza sauti: "Usimung'unye maneno, mwenyekiti! Mtaje!"

Hapo ndipo aliposimama Sista.

Sista ni muuguzi mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Alihudumu wodi ya wazazi miaka thelathini na mitano, na sehemu kubwa ya waliokuwa wakipiga kelele ukumbini mle yeye ndiye aliyewapokea duniani.

"Mume wangu alipoanguka bafuni na mlango ukajifunga," alisema, "niliwapigia simu watu watatu. Wawili walisema, 'Tunakuja, tunakuja.' Huyu hakusema. Alifika, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akafungua, tukamwinua mzee pamoja, akanishika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Kesho yake akarudi kubadilisha kitasa. Sikuwa nimemwita. Pesa nilizompa nilizikuta chini ya sahani."

Akatoa ufunguo kwenye mkoba, akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akauweka kiganjani mwa Mama Funguo.

"Huu ni wa mlango wangu wa mbele. Kesho mimi na mzee tunakwenda kwa dada yangu, siku tatu. Nitazamie nyumba."

"Sista, mimi siweki funguo za watu."

"Leo utaweka."

Kisha akaketi kwenye kiti kimojawapo kati ya vile vilivyokuwa wazi. Watu walioonyesha kidole kwa ukali walianza kutazama vidole hivyo.

Mama Funguo akasimama. Hakujitetea. Aliomba kitu kimoja tu: walioibiwa wakalete makufuli yao, pamoja na funguo. Nyumba zote tatu hazikuwa mbali, na baada ya nusu saa makufuli matatu yalipangwa juu ya meza ya mwalimu. Yalikuwa mapya, rangi moja, ukubwa mmoja.

"Mliyanunua wapi?"

Wote watatu waliyanunua mwezi mmoja, kwa mchuuzi mmoja wa barabarani aliyekuja na mzigo wa bei rahisi na hakuonekana tena.

Akachukua ufunguo wa mwenye duka la nguo, akauingiza kwenye kufuli la mshona nguo aliyeibiwa cherehani. Ta! Likafunguka. Akauingiza kwenye la tatu. Nalo likafunguka.

"Kufuli zuri lina meno yake peke yake," aliwaambia. "Haya yamechongewa meno ya aina moja. Aliyenunua moja, amenunua na nyumba ya jirani."

Mikoba ikaanza kufunguliwa. Watu tisa zaidi walikuwa na funguo za namna ileile, na mama mmoja aliondoka mbio bila kuaga kwenda kuangalia mlango wake. Wiki mbili baadaye askari walimkamata mpangaji wa mtaa wa pili. Alikuwa na cherehani chumbani, na kufuli la mzigo uleule mlangoni.

Jumapili nne zilizofuata, Mama Funguo alizunguka nyumba thelathini na nane, zote zilizokuja kukutwa na kufuli la mzigo huo, akibadilisha makufuli kwa bei aliyoyanunulia, bila kujiwekea faida. Mwenye duka la nguo alipitisha siku kumi, kisha akaja kibandani na ufunguo wa duka lake, ule wa mlango mkubwa, akaomba nakala mbili.

"Hakutaja yaliyopita, nami sikumuuliza," anasema Mama Funguo. "Nilielewa. Nikamchongea vizuri. Na nikamtoza bei ya kawaida, maana ningempa nafuu angedhani nimemwogopa."

Siku hizi wateja wamerudi, na wengine wamezidi. Lakini anapoulizwa ni nini kilichomwokoa, hataji ule mlio wa makufuli mezani.

"Makufuli yalinisafisha, ni kweli. Ila baada ya makufuli kila mtu aliniamini, hata kipofu angeniamini. Sista aliniamini kabla. Alipokuwa akija nyuma kule, hakujua nitasema nini. Wala mimi sikujua kama nitaweza kusimama." Anafuta unga wa shaba kwenye vidole. "Miaka yote nafungulia watu. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nimefungiwa nje."

Sista mwenyewe hapendi hadithi hiyo ikuzwe. "Nilirudisha ahsante iliyochelewa," anasema. "Tunawashukuru mafundi wetu siku ya mazishi yao, wakiwa hawasikii. Mimi niliwahi."

Kuanzia mwezi ujao wanawake hao wawili wana mpango. Wameorodhesha wazee kumi na mmoja wa mtaa wanaoishi peke yao. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watawapitia nyumba kwa nyumba: Sista na kipimo chake cha presha, Mama Funguo na chupa ya mafuta ya vitasa, ili mzee yeyote akizidiwa, mlango usiwe kikwazo cha pili. Mwenyekiti ameahidi kuwatafutia mwavuli mkubwa. Bado hawajaupata, na wamesema hawatausubiri.

Jambo moja tu ndilo wanalobishania: nani atangulie kuingia.

"Mgonjwa kwanza," anasema Sista. "Ni kanuni ya kazi."

Mama Funguo anatikisa kichwa, tupa mkononi. "Utampimaje, Sista, nami sijakufungulia mlango?"