Karatasi ya Fedha Niliyoikwangua

Ilinigharimu mbuzi jike mwenye mimba, heshima yangu mbele ya mama mukwe, na jina ambalo watu wa kambi ya Kashuga hawatanivua tena: Papa Kwangua. Nalisema mwenyewe kabla hamujalisikia sokoni.

Mimi nanunua kasiterite, mawe ya bati, hapa Walikale, na mawe ya mutu siyaamini mpaka niyakwangue kwa kisu, niyaoshe, niyakwangue tena (mara mbili, siku zote). Sasa simu ya mama mukwe, mukimbizi kule kambini Kashuga, kioo chake hakikusikia tena kidole, na mutoto wake Bahati, ambaye walipotezana tangu vita iwatimue kijijini, alikuwa ametuma habari kwamba yuko hai Kisangani, atapiga Jumapili baada ya misa. Nikapeleka simu kwa Dada Furaha, fundi wetu, akanionyesha karatasi ya plastiki ya kubandika chini ya kioo, inakunjika kama jani la ndizi, angavu kama maji.

“Ndani iko nyuzi za fedha, Papa, ndogo sana, jicho haioni. Njo zinasikia kidole.”

“Fedha gani haionekane? Unaniuzia hewa?”

“Amini tu, Papa.”

Kuamini! Alipogeuka kutafuta gundi nikaikwangua katikati, kidogo tu, nikaimwagia maji, nikaikwangua tena. Fedha sikuona. Akaibandika, akataka kuijaribu, nami (kwa kuogopa ataona) nikasema pikipiki inaningoja.

Jumapili kule Kashuga, baada ya misa, mama wote wa kwaya wametuzunguka, simu ikalia. Kitufe cha kupokea kilikuwa katikati kabisa. Mama mukwe akagusa, wapi. Kwaya nzima ikagusa, katekista akaleta dole gumba lake, wapi.

“Kidole yangu imekufa?” mama mukwe akauliza, na simu ikanyamaza.

Nikaungama palepale, hata kisu nikakionyesha.

“Mukwe wangu, ulikwangua sauti ya mutoto wangu?”

Mama mumoja akasoma namba kwenye kioo, akapiga kwa simu yake. Mama mukwe akamusikia Bahati, akalia, akacheka, na neno lake la kwanza: “Shemeji yako alikuwa anatafuta fedha ndani ya simu!” Bahati alicheka mpaka pesa ya kupigia kwenye simu ya yule mama ikaisha.

Mbuzi nilimutolea mama mukwe, faini ya kosa langu. Karatasi ingine Dada Furaha ameisha kuibandika, na kuijaribu, mimi nikiwa nimesimama inje kwa amri yake. Sasa nishaurini, wenzangu: niipeleke simu Kashuga mwenyewe, ao nitume mutu mwenye hana kisu?