Aliyetuonyesha Njia ya Loima

Usiniulize kama nilikuwa usingizini. Watu wakisikia mambo haya huwaza usiku na giza, lakini haya yalinipata kabla ya adhuhuri, jua likichoma, na nilikuwa na akili zangu zote. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Lodwar, nilihamishiwa kutoka Kitale. Nikudanganye nipate nini?

Kila mwaka tulikuwa tukiwapeleka wanafunzi kupanda kilele kimoja cha milima ya Loima. Mvua ikabomoa njia ya zamani, mawe yakaporomoka, hapapitiki. Basi mimi na mwalimu mwenzangu Ekai, mzaliwa wa huku, tukaenda Jumamosi moja kutafuta njia nyingine. Hatukumwambia mtu. Pikipiki tuliiacha Namoruputh, kwenye duka la Msomali mmoja, tukasema tunatembea tu.

Bonde la kwanza liliishia kwenye ukuta wa mwamba. La pili lilikuwa miiba mitupu. Tumekaa tunakunywa maji, akatokea mzee mmoja, shuka begani, fimbo na kigoda mkononi kama wazee wa huku.

"Ejok," akasema. Tukamwitikia. Kisha akaongeza, "Njia ya wale watoto wenu arobaini iko upande huu."

Arobaini ndio tuliopanga kuwaleta. Ekai akaninong'oneza, "Madam, wewe uliambia yeye?"

"Nimwambie saa ngapi? Si wewe ndiye wa huku?"

Niamini, tangu hapo sikumwamini yule mzee, na hata Ekai nilianza kumtilia shaka. Lakini tulimfuata. Wewe ungefanya nini? Njia yenyewe ilikuwa nzuri, pana, haina mwiba, kana kwamba ng'ombe hupita kila siku, ila sikuona kinyesi hata kimoja. Nikamuuliza mifugo yake iko wapi.

"Juu," akajibu bila kugeuka. "Inaningoja."

Sisi tulikuwa tunatiririka jasho. Yeye mgongo ulikuwa mkavu.

Karibu na kilele alipita nyuma ya jiwe kubwa, tukampoteza. Ekai akainama nyuma yangu kufunga kamba za viatu, mimi nikaendelea polepole. Ndipo nikasikia sauti ya Ekai ikiniita kutoka mbele.

"Madam, kuja uone. Tumefika."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama kwenye nyasi ndefu, hatua kama kumi, na kofia yake ya buluu, ananipungia mkono. Nikapiga hatua mbili kumfuata. Mtu akanishika mkoba kwa nyuma, akavuta kwa nguvu.

Nikageuka. Ni Ekai, na kofia yake ya buluu.

Hapo ungemwamini yupi? Wa mbele alikuwa anatabasamu. Wa nyuma alikuwa anahema na kunuka jasho.

"Keti chini," akasema huyu wa nyuma.

Nikaketi. Akaokota jiwe, akalirusha kule mbele. Likapenya nyasi, kimya. Baada ya muda tukalisikia likigonga chini, mbali sana. Zile nyasi zilikuwa zimeota ukingoni mwa genge, na pale aliposimama yule mwingine hapakuwa na ardhi. Naye hakuwapo tena.

Kurudi hatukuiona ile njia pana. Tulishuka kwa makalio katikati ya miiba mpaka chini. Dukani Namoruputh tulipewa chai.

"Hata mimi niliona wewe mbele, madam," akaniambia. "Mlikuwa wawili. Nikashika ile ilikuwa inahema."

Safari ya wanafunzi tuliifuta. Mkuu wa shule alidhani ni uvivu. Ekai aliomba uhamisho, sasa anafundisha Kakuma. Akinipigia simu huniuliza kwanza jina la kifungua mimba wangu, nami humuuliza jina la mama yake, halafu ndipo tunasalimiana. Hatujawahi kulicheka jambo hilo.

Kwa hiyo wewe unayetafuta njia mpya ya kupanda Loima, nisikilize. Mtu akiijua haja yako kabla hujaisema, usimfuate, hata kama njia yake haina mwiba. Na mwenzako akikuita kutoka mbele, kaa hapo ulipo. Mwache aje yeye, umshike mkono, usikie pumzi yake.